Tochi Inapima Mahali, Nani Atapima Safari?

Maneno haya niliyatoa Morogoro, mbele ya madereva wa mabasi na malori, makondakta, na wamiliki wachache waliofika. Wenzao wengi walikuwa barabarani siku hiyo, kama ilivyo kazi yao, na wakaomba niyaandike yote. Nimeacha picha zilizoonyeshwa ukutani, na utani mmoja ambao haufai kuandikwa.

Ndugu zangu madereva, makonda, mafundi, na ninyi wamiliki mliokaa mbele karibu na feni: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na poleni na safari.

Nianze kwa kuuliza. Katika ukumbi huu, nani hajawahi kuwashiwa taa na dereva mwenzake anayekuja, akajua papo hapo kwamba mbele kuna tochi, kile chombo cha trafiki cha kupima mwendo? Anyooshe mkono. Naona mkono mmoja tu. Lakini huyo ni mmiliki, haendeshi.

Swali la pili. Ukishawashiwa taa, unafanya nini? Unashuka hadi kilomita 48 kwa saa. Unapita kwa askari umetulia, unampungia mkono, na yeye anakupungia. Ukishaipita kona ile, je? Haya, semeni wenyewe. (Kicheko.)

Basi msicheke sana, maana hicho mnachokicheka ndicho kilichonileta hapa. Tumekuwa tukipima mwendo wa gari mahali fulani, kwa sekunde fulani, halafu tunaiacha safari nzima ijiendee. Tochi inapima mahali. Anayekufa barabarani hachagui kufia mbele ya tochi.

Na msidhani mchezo huu tumeubuni sisi. Mwaka 1896, huko East Peckham, mkoa wa Kent, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Walter Arnold alipita kijijini na gari lake kwa maili 8 kwa saa. Hiyo ni kama kilomita 13. Kikomo kilikuwa maili 2. Askari akarukia baiskeli, akamfukuza kama maili 5 ndipo akamkamata. Akatozwa shilingi moja kwa kosa la mwendo. Hapo ndipo kazi ya trafiki ilipoanzia: askari mwenye pumzi na baiskeli nzuri.

Miaka michache baadaye, sheria ya mwaka 1903 ikapandisha kikomo hadi maili 20 kwa saa. Polisi wakaanza kujificha kwenye vichaka vya kando ya barabara. Mmoja hapa, mwingine kule, umbali kati yao umepimwa kwa kamba, na saa mkononi. Gari likipita kwa wa kwanza, ishara inatolewa. Likifika kwa wa pili, saa inasimamishwa. Wenye magari wakafanya nini? Mwaka 1905 waliunda chama, Automobile Association, na chama hicho kikaajiri vijana wa baiskeli wa kuwaonya wanachama kwamba mbele kuna mtego. Mwaka 1910 mahakama ikaamua kwamba kumwonya mtu aliye katika mwendo wa kasi ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Mnadhani chama kilikubali yaishe? Kilibadili mbinu. Wale vijana walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama anayepita. Ikawa hivi: kijana asipokupigia saluti, simama umuulize kwa nini. Maana hakuna mahakama inayoweza kumfunga mtu kwa kosa la kutopiga saluti!

Mnawaona ndugu zenu? Hao ni babu zenu wa kuwashiana taa. Zaidi ya miaka mia imepita na dereva bado ni yule yule.

Sasa tuingie kwenye chombo chenyewe, kwa sababu nimegundua wengi mnaiogopa tochi bila kuijua. Tochi ya kisasa inarusha mapigo ya mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga unagonga gari na kurudi. Gari likiwa mita 300, kwenda na kurudi kwake ni kama sehemu mbili za milioni moja ya sekunde. Chombo kinafanya hivyo mara nyingi ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kinaona umbali unavyopungua kila pigo, kinapata kasi. Mwanga wake ni mwembamba, ndiyo maana askari anaweza kuchagua gari moja katikati ya msafara. Rada za zamani zilikuwa zinatawanya mawimbi yao, zikaacha mabishano mengi: ni mimi au ni fuso lililokuwa nyuma yangu?

Na lipo jambo ambalo madereva hawapendi kuliamini. Askari akikupima akiwa pembeni kabisa mwa barabara, kwa pembe, chombo kinasoma kasi ndogo kidogo kuliko uliyokuwa nayo. Pembe inakupendelea wewe. Kwa hiyo yule anayesema "alinipima akiwa pembeni ndiyo maana ikasoma kubwa," mwambieni ashukuru.

Kuna kisa kinachonifurahisha kila nikikisimulia. Kamera za mwendo zilizoenea Ulaya zinaitwa Gatso, kwa jina la Mholanzi aitwaye Maurice Gatsonides. Huyu hakuwa polisi. Alikuwa dereva wa mashindano, tena hodari. Mwaka 1953 alishinda rali ya Monte Carlo. Alitengeneza chombo cha kupima mwendo ili ajue anavyoingia na kutoka kwenye kona, apate kuongeza mwendo! Baadaye polisi wakakitamani, kikawa kamera, na mwenyewe zikamnasa. Kamera ya kwanza ya kudumu ya namna hiyo Uingereza iliwekwa London mwaka 1992.

Lakini Gatso ina ugonjwa ule ule wa tochi. Wenyeji wanajua ilipo. Wanafunga breki mbele yake, wanakanyaga mafuta wakiipita. Tena kufunga breki ghafla mbele ya kamera kumewahi kugonganisha watu. Basi wataalamu wakarudi kwenye akili ya wale polisi wa vichakani. Wale wa mwaka 1903, mkikumbuka, hawakupima mahali. Walipima kipande cha njia.

Naomba mnisikilize hapa, hesabu ni nyepesi. Weka kamera mbili, umbali kati yake kilomita 10. Kamera ya kwanza inasoma namba ya gari na saa. Ya pili inasoma namba ile ile na saa. Kikomo kikiwa 80, kilomita 10 unatakiwa kuzimaliza kwa dakika 7 na nusu. Umefika kwa dakika 6? Basi umetembea 100. Hakuna cha "nilikuwa naovateki tu," hakuna cha kuwashiwa taa. Umewashiwa taa ya nini, na njia yote inapimwa?

Waitaliano waliweka mfumo huu kwenye barabara zao kuu za kulipia kuanzia mwaka 2005, wakauita Tutor. Waholanzi na Waaustria walitangulia kidogo. Uingereza nayo, leo ukipita sehemu nyingi za barabara zilizo kwenye matengenezo unapimwa kwa mwendo wa wastani.

Ila mfano ninaoutaka mwondoke nao unatoka Scotland. Kuna barabara inaitwa A9, inapanda kaskazini hadi Inverness. Nimeichagua kwa sababu inafanana na zetu: sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, malori mengi, milima, watu wana haraka, na kuovateki ndiko kunakoua. Oktoba 2014 wakawasha kamera za wastani kutoka Dunblane hadi Inverness, zaidi ya kilomita 200. Kabla ya hapo kelele zilikuwa nyingi: biashara itakufa, madereva watachoka, watu watasinzia. Pamoja na kamera wakafanya jambo ambalo kwetu wengi hawalitarajii kutoka kwa serikali: wakapandisha kikomo cha malori makubwa kutoka maili 40 hadi maili 50 kwa saa. Maili 50 ni 80 yetu ile ile. Kwa nini walipandisha? Kwa sababu lori likitambaa 64, yaani zile maili 40, na nyuma yake kuna magari 15, dereva wa kumi na tano ataovateki penye kona. Waliona kwamba pengo kati ya mwendo wa lori na wa gari dogo nalo linaua. Na baada ya hapo? Wanaovuka kikomo wakapungua sana, vifo na majeruhi wabaya wakapungua. Taasisi ya RAC Foundation ilichunguza kamera za wastani Uingereza mwaka 2016, ikakuta kwamba zilipowekwa, ajali za vifo na majeraha makubwa zilipungua kwa wastani wa asilimia 36.

Narudia: hawakuongeza faini. Hawakuongeza vifungo. Walirefusha mahali panapotazamwa.

Nisiwadanganye, mfumo huo una tundu. Dereva anaweza kukimbia 120, akasimama katikati kunywa chai, akamaliza kipande kwa wastani mzuri. Ndiyo maana wenye akili wanachagua vipande visivyo na mahali pa kusimama. Kumbukeni hilo, nitalihitaji baadaye.

Mtu ataniuliza, mwalimu, kwani 100 na 80 vina tofauti gani, si 20 tu? Chalinze hadi hapa Morogoro ni kama kilomita 80. Ukienda 80 bila kusimama ni saa moja. Ukienda 100 ni dakika 48. Umeokoa dakika 12. Na umelipa nini? Nguvu ambayo gari linabeba likigonga kitu haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Kutoka 80 hadi 100, nguvu ya mgongano inapanda kwa zaidi ya nusu. Kabla hujagusa breki, katika ile sekunde moja na nusu ya kushtuka, kwa 100 umeshatembea mita 42. Mita 42 mguu haujafika kwenye breki! Msweden mmoja, Göran Nilsson, alikokotoa kwamba mwendo wa wastani wa barabara ukipanda kwa asilimia 1 tu, ajali za vifo zinapanda kwa kama asilimia 4. Hesabu hiyo Shirika la Afya Duniani linaitumia hadi leo.

Haya. Mpaka hapo madereva mnaniona adui. Sasa naomba niwaeleze wamiliki, na feni iendelee kuwapepea.

Mguu ulio kwenye mafuta ni wa nani?

Kenya mwaka 2004 walipata jibu la nusu. Waziri wa uchukuzi alikuwa John Michuki, na kanuni zake mpaka leo wanaziita kwa jina lake. Kuanzia tarehe 1 Februari mwaka huo, matatu na basi lazima liwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuvuka 80, lazima mikanda, lazima mstari wa njano ubavuni. Magari mengi yalilala, watu wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini, waziri hakurudi nyuma. Kwa muda barabara zikatulia. Kisha fundi mmoja akagundua waya wa kukata, akamwambia fundi wa pili, na mnajua mafundi walivyo wakarimu kwa elimu ya namna hiyo. Spidi gavana zikabaki pambo kwenye magari mengi, cheti kipo, kifaa hakipo.

Kwa nini zilikatwa? Kwa sababu dereva alikuwa na hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni. Hesabu haikupunguzwa siku kidhibiti kilipofungwa. Umemfunga mtu mguu mmoja ukamwacha na deni la miguu miwili, unategemea nini?

Sisi Tanzania tulichukua njia nyingine kwa mabasi, na hapa niwape SUMATRA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia usafiri, haki yao, na LATRA walioirithi kazi hiyo mwaka 2019. Kile kifaa cha kufuatilia mwenendo wa basi, VTS, hakikamati mguu. Kinaangalia. Basi likivuka mwendo, kinapiga kelele ndani na taarifa inakwenda. Yaani kwa mabasi ya mikoani sisi tunapima safari, siyo mahali. Ulaya wanaweka kamera vipande vipande. Sisi tuna basi zima linalotazamwa kutoka stendi hadi stendi. Hili ni jambo kubwa na hatujisifii vya kutosha.

Nilikuwa abiria kwenye basi moja, kifaa kikaanza kulia. Mama mmoja akasema, "Dereva, mwanangu, punguza." Kijana wa nyuma akadakia, "Konda, zima hicho kidude, kinatukera." Basi zima likagawanyika. Dereva akapunguza, kimya kikarudi, na yule kijana akalalamika hadi Gairo kwamba tutachelewa. Nikawaza: dereva huyu ana mabosi wangapi? LATRA anamtaka 80. Kijana wa nyuma anamtaka 120. Na ofisini kuna mtu aliyeandika kwenye tiketi muda wa kufika ambao hauwezekani kwa 80. Yule wa ofisini ndiye anayetukimbiza, na yeye hajawahi kupigwa tochi maisha yake yote.

Ulaya wamemfuata mpaka ofisini. Malori yao makubwa yanafungwa yasizidi 90, mabasi yasizidi 100. Ndani kuna takografu, chombo kinachoandika mwendo, saa za kuendesha na saa za kupumzika. Zamani kilichora kwenye kisahani cha karatasi, sasa kinahifadhi kwenye kadi ya dereva. Baada ya saa 4 na nusu za usukani, lazima upumzike dakika 45. Askari anasimamisha lori, anasoma siku zilizopita, siyo dakika ile tu. Lakini kilichonivutia mimi ni kifungu kimoja cha kanuni yao ya mwaka 2006: kampuni hairuhusiwi kumlipa dereva kwa umbali aliotembea au wingi wa mzigo aliofikisha, iwapo malipo hayo yanahatarisha usalama barabarani. Sikieni tena. Malipo yenyewe ni kosa. Na dereva akivunja saa za kazi, kampuni nayo inajibu.

Wamiliki, posho zenu za trip mmezisikia? (Kelele, makofi kutoka nyuma.) Tulieni. Sijasema mtu asilipwe. Nasema ukimlipa mtu kwa kuwahi, usishangae akiwahi.

Na hapo kuna suala la nani hasa alikuwa kwenye usukani, maana kamera inajua namba ya gari, haijui sura. Uingereza, mwenye gari anatakiwa kisheria kumtaja dereva. Sasa kuna mheshimiwa mmoja, Chris Huhne, baadaye akawa waziri. Mwaka 2003 gari lake lilinaswa na kamera kwenye barabara kuu ya M11. Huko faini siyo tatizo kubwa. Tatizo ni pointi kwenye leseni. Ukifikisha 12 ndani ya miaka mitatu unapoteza leseni. Akaogopa. Mkewe, Vicky Pryce, mchumi msomi, akaandikwa kwamba ndiye aliyekuwa anaendesha, pointi tatu zikaenda kwake. Miaka ikapita. Ndoa ikavunjika, siri ikatoka. Machi 2013 wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja. Kwa pointi tatu! Mwendo wenyewe ungekwisha kwa faini ndogo. Uongo ndio uliowapeleka gerezani.

Nawaambia makonda na matingo mnaokubali kuandikwa majina kwa ajili ya bosi: hilo nalo lifikirieni.

Niende kwenye pesa, kwa sababu najua ndilo linalosemwa stendi. "Tochi ni mradi." "Wanatafuta hela." Jamani, tuliseme wazi. Faini yetu ya papo kwa papo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000. Haifiki nauli ya abiria mmoja kutoka Dar hadi Mbeya. Kwa kampuni ya mabasi hiyo ni gharama ndogo sana. Kwa dereva wa fuso aliyeajiriwa, anayekatwa mwenyewe kwenye mshahara, ni maumivu. Adhabu moja, watu wawili, mmoja haisikii na mwingine inamvunja.

Wafini waliona hilo wakaamua faini ya kosa kubwa ipimwe kwa kipato. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa kampuni ya simu ya Nokia, Anssi Vanjoki, alitozwa faini kwa kukutwa na pikipiki akienda 75 penye 50. Faini: euro 116,000. Baadaye ikapunguzwa kwa rufaa, lakini dunia nzima ilishasikia. Kenya wao wameweka ngazi: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 unaonywa, 6 hadi 10 ni shilingi zao 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000, zaidi ya hapo mahakamani. Mimi naipenda ngazi kuliko faini moja kwa wote. Aliyezidisha 4 na aliyezidisha 40 hawakutenda jambo moja.

Lakini pesa ina hatari yake. Ufaransa walianza kamera zao za kujiendesha mwaka 2003. Mwaka 2001 walizikwa watu zaidi ya 8,000 kutokana na ajali za barabarani. Mwaka 2010 walikuwa chini ya 4,000. Siyo kamera peke yake iliyofanya hivyo, ila hakuna anayebisha kwamba ilichangia sana. Ushindi mkubwa, sivyo? Subirini. Julai 2018 serikali ikashusha kikomo cha barabara za vijijini kutoka 90 hadi 80. Watu wa vijijini, wanaotegemea gari kwa kila kitu, wakaona wanabanwa na wakubwa wa Paris wanaopanda treni. Novemba likaja vuguvugu la waandamanaji wa vizibao vya njano. Kufikia Januari 2019, waziri wao wa mambo ya ndani alisema karibu asilimia 60 ya kamera zilikuwa zimeharibiwa au kuzimwa. Zilichomwa, zilipakwa rangi, zilifunikwa mifuko. Chombo kilichokuwa kinaokoa maisha yao waliona ni mkono wa mtu mfukoni mwao.

Mnaelewa kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu tochi inayojificha nyuma ya mwembe inaweza kukusanya pesa nyingi na isimwokoe mtu hata mmoja. Ile ya wazi, yenye kibao kikubwa kabla yake, inayopima kipande kirefu, inakusanya pesa kidogo kwa sababu watu wanatii. Ukitaka kujua kama serikali yoyote inatafuta usalama au mapato, tazama inafurahia nini mwisho wa mwaka: faini zimeongezeka au zimepungua?

Na vibao, ndugu zangu! Kibao cha 50 kinaanza Mlandizi, sawa, kuna watu, kuna shule, kuna bodaboda. Lakini mnajua sehemu ambazo kibao cha 50 kimesimama porini, nyumba ya mwisho iko kilomita mbili nyuma, na kibao cha kumaliza kimeng'olewa na wauza vyuma chakavu. Hapo dereva hajui kama bado yuko kwenye 50. Trafiki wanajua. Hilo lisemwe kwa TANROADS, wakala wa barabara, lisemwe kwa heshima, na lisemwe na ninyi mnaopita kila siku, maana mhandisi anapita mara moja moja tena akiwa siti ya nyuma anasoma simu. Kikomo kisichoeleweka kinafundisha watu kudharau hata kile kinachoeleweka.

Sasa ombi langu. Barabara yetu hii ikitoka hapa kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50. Hakuna mji ndani. Huruhusiwi kusimama ovyo, labda una miadi na simba. Hakuna njia ya mchepuko. Nilisema kamera za wastani zinataka kipande kisicho na pa kusimama. Nionyesheni kizuri kuliko hicho Tanzania nzima. Kamera mbili tu, moja upande wa Doma, moja upande wa mji wa Mikumi. Tukichukulia mwendo wa 70, kilomita 50 ni dakika 43. Anayetoka kwa dakika 30 amekwenda 100 katikati ya twiga na nyani, usiku ndiyo mbaya zaidi, na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023 jambo hili limekuwa la haraka. Ingewapima wote: basi, lori, na hasa yale magari madogo meupe yenye vioo vyeusi ambayo hayana VTS wala hayana muda.

Chama chenu kiliandike hili kwenye barua. Andikeni ninyi, madereva. Barua ya kuomba mpimwe ikitoka kwa madereva wenyewe itasomwa mara mbili, kwa mshangao kwanza. Na kwenye barua hiyo hiyo ongezeni mambo mawili: vibao vya Chalinze hadi Mikumi vihakikiwe, na kampuni ziweke wazi muda wa safari ulioandikwa kwa mwendo wa 80 pamoja na muda wa kula na kuchimba dawa. Wamiliki watano wako hapa. Wakitia sahihi leo, nitawanunulia soda kwa pesa yangu, na mnajua pesa ya mwalimu ilivyo.

Nimemaliza upande wangu. Mzee wa semitrela pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja malori ya Scotland. Mpeni kipaza sauti, na aseme kwanza anabeba nini na anatoka wapi.